Sentensi Moja ya Baba

Alhamisi, 6 Novemba

Tumerudi saa kumi jioni. Miguu imevimba. Mimi ndiye nampeleka Baba kliniki sasa tangu tufunge shule, kwa sababu Mama anapanda ndengu na mvua imeshaanza. Kazi yangu ni kutembea upande wake wa kushoto. Kutoka stendi ya Machakos mpaka kliniki kuna baa saba, zote kushoto. Nimezihesabu. Anajua nimezihesabu. Hatuongei juu yake.

Siku ya thelathini na nne bila pombe.

Pale kwenye benchi kuna jamaa aliyekuwa makanga, anaongea kama bado anajaza gari. Leo akanigeukia mbele ya watu wote. "Na wewe msichana, wewe ulishindwa na nini, soda?" Wakacheka. Hata Baba. Nilitaka ardhi inimeze. Lakini Baba alicheka, kwa hivyo sawa.

Hakuna kazi iliyofanyika. Nesi Ndinda ameenda likizo ya kujifungua na yeye ndiye alikuwa anamtafsiria Baba. Kaunsela Nafula ni mtu wa Bungoma, Kikamba hajui hata cha salamu. Baba anaongea Kiswahili vizuri, cha soko, cha kazi, cha kubishana na makanga. Ila akifika kwa ile siku ya mto, Kiswahili kinamwisha. Anafungua mdomo na kinachotoka ni Kikamba peke yake.

Wakampima presha, wakampa vidonge, tukarudi. Siku nzima kwa presha.

Kaunsela alinieleza pale mlangoni. Ati kile kituo cha kuacha pombe Baba alikokaa mwaka jana walikosea. Walimwambia aache pombe kwanza, hayo mengine yatafuata. Akaacha. Kisha mto ukaanza kumjia mchana kweupe, mezani, kanisani. Pombe ndiyo ilikuwa inauzuia. Alivumilia wiki tatu tu. Kaunsela anasema kiwewe na pombe vinatibiwa pamoja, ukitibu kimoja kile kingine kinakirudisha. Nilisema ndiyo, ndiyo. Huwa nasema ndiyo kwa watu wazima ili waniachilie. Lakini hii nilielewa.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimepanda mistari sita. Mgongo.

Mwanamke mmoja pale kwa kinu cha unga ameniuliza kama baba yangu ashahitimu ile shule ya walevi. Jibu nimelipata usiku huu, limechelewa. Kama kawaida yangu.

Alhamisi, 13 Novemba

Siwezi kulala kabla sijaandika hii.

Leo nimetafsiri. Kaunsela hakutaka. Aliwapigia watu wawili simu na hakuna aliyepatikana. Alisema mara mbili, sipendi mtoto afanye hii kazi. Lakini Baba ndiye aliyesema niingie. "Huyu ni mwaitu," akasema. Yaani mama yangu. Ananiita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake. "Huyu ni msomi. Ataweza."

Kwenye sakafu kulikuwa na kamba ndefu. Kamba ni maisha yako, unaanzia kuzaliwa. Mahali pazuri unaweka ua la plastiki, mahali pabaya unaweka jiwe. Baba aliyachagua mawe kwa makini sana, akiyageuzageuza, kama mtu wa kuchimba mchanga. Maua aliweka matatu. Moja ni siku niliyozaliwa. Sikujua nitazame wapi.

Jiwe kubwa ni la mto. Kila mtu kwetu anajua hiyo hadithi. Miaka mitatu iliyopita, Baba na wenzake walikuwa wanapakia mchanga kwenye lori. Ukingo ukaporomoka. Kimeu, rafiki yake wa tangu utoto, alikuwa chini. Walimfukua kwa mikono. Hakuwa hai.

Kaunsela akamwambia asimulie polepole, saa baada ya saa, hata harufu, hata baridi. Mimi nitafsiri. Nilichagua Kiingereza. Kaunsela alikuwa anaandika kwa Kiingereza, na mimi, kwa kweli, niliona kitakuwa rahisi. Kiingereza si cha kwetu nyumbani. Nikisema mtu amekufa kwa Kiingereza ni kama nasoma ufahamu darasani. Baba hakisikii isipokuwa neno moja moja.

Alianza. Asubuhi ilikuwa na ukungu. Kimeu alikuwa amebeba viazi vitamu kwa mfuko wa karatasi. Nikatafsiri. Maji yalikuwa baridi. Nikatafsiri. Nilikuwa naendelea vizuri, hata nilijisikia msomi kweli, aibu iliyoje.

Kisha akasema hii. Naiandika kwa sababu daftari hili halina masikio.

Alisema: "Asubuhi hiyo niliona ufa juu ya ukingo. Vidole vyangu viliingia. Nikanyamaza, kwa sababu lori lilikuwa limefika, na tukisimama lingeenda kwa kundi lingine."

Hajawahi kuyasema hayo. Si kwa Mama. Si kwa mtu yeyote.

Kaunsela alinitazama, akingoja.

Nikasema kwa Kiingereza kwamba kisha ukingo ukaanguka.

Akaandika hivyo. Baba alikuwa ameinamisha kichwa, machozi yanadondoka juu ya kamba. Akaendelea, nami nikaendelea kutafsiri, kila neno, bila kuacha hata moja tena.

Moja tu ndilo niliacha.

Ijumaa, 14 Novemba

Kwa nini niliacha.

Kwanza, matanga ya Kimeu. Wazee wa ukoo waliwaita wapakiaji wote wakawauliza mmoja mmoja: kuna mtu aliyeona dalili yoyote? Baba alisema hapana. Nilikuwepo. Nilikuwa nimeshika sufuria ya muthokoi, nikasikia akisema hapana. Ikijulikana sasa, ukoo utakaa kikao upya. Na watakaa kwetu.

Pili, Kavata. Binti ya Kimeu. Tunakaa dawati moja. Huwa ananiazima rula yake kabla sijaomba kwa sababu anajua kuomba kunanishinda.

Tatu, lile faili la Kaunsela. Sijui nani hulisoma.

Hizo zote ni kweli, lakini si zenyewe. Yenyewe ni hii: sikutaka awe mtu aliyeona ufa. Nilitaka abaki mtu aliyeangukiwa na bahati mbaya. Huyo ndiye baba nimemzoea, hata akiwa mlevi.

Jumapili, 16 Novemba

Baba amekuja kanisani. Ameimba. Sauti yake ni mbaya na nilikuwa nimeisahau.

Tukirudi alitembea karibu na Mama, nami nikawa nyuma. Nilimsikia akimwambia kwamba Alhamisi ametua mzigo. Ati yule mama wa Bungoma alisikia yote na hakumfukuza. Yote, alisema. Mama akamuuliza yote gani. Akasema, siku moja nitakuambia.

Amekula sahani mbili. Siku ya arobaini na nne.

Labda haidhuru basi. Labda kilichohitajika ni yeye kuitoa tu, na haijalishi ilifika wapi. Nimejiambia hivyo mchana kutwa. Siamini bado.

Alhamisi, 20 Novemba

Mbaya. Mbaya sana.

Kaunsela hakunihitaji leo. Alisema ataongea Kiswahili chepesi, mimi nikae tu kando ili Baba akikwama nisaidie. Akasoma maandishi yake. Akamtazama Baba usoni kwa huruma, huruma ya kweli, akamwambia: "Mzee, hukujua. Hukuwa na njia ya kujua. Ukingo ulianguka ghafla. Hilo si kosa lako."

Niliuona uso wa Baba ukifungwa. Kama duka.

Akasema "ndiyo, kaunsela". Akasema "asante". Maswali yote yaliyofuata aliyajibu ndiyo na asante. Ile ndiyo yangu, ya kutaka kuachiliwa. Kumbe nimeirithi kwake.

Mimi nilikuwa hatua moja kutoka kwao. Ningeweza kusema. Nikainama nikafunga kamba za viatu.

Njiani alitembea mbele, hakuniacha nikae kushoto kwake.

Jumamosi, 22 Novemba

Amekunywa.

Siku ya hamsini.

Walimpata huko nyuma ya kinu saa tano asubuhi, amekaa na wale wa kaluvu, ile pombe ya kienyeji. Hakupigana na mtu. Mama alimleta nyumbani amemshika mkono, kupita sokoni, mbele ya macho yote. Yule mwanamke wa kinu akatuimbia, "Mwanafunzi amerudia darasa!" Mama hakugeuka. Mimi niligeuka. Nilimtazama mpaka akaingia ndani. Sijawahi kufanya hivyo maishani.

Mama ana hasira na kliniki. Ati maneno, maneno, maneno, kwani mtu hutibiwa kwa maneno? Angepewa sindano. Anachapa nguo kwenye jiwe kama zimemkosea.

Ni mimi, Mama. Si maneno ya kliniki. Ni yale ambayo sikuyasema.

Sikumwambia.

Jumatatu, 24 Novemba

Anatetemeka. Jana Mama alienda kumwita nesi wa zahanati, naye akaja kumtazama, akasema anywe maji kwa wingi na tusimwache peke yake, na akianza kuona vitu tumkimbize hospitali. Hajaona vitu. Mama alikaa naye usiku, mimi mchana. Nimekaa kwenye kigoda nikimtazama akipumua. Nimechoka mpaka kwenye mifupa.

Kama saa nane akaongea, akiangalia mabati.

"Mwaitu, nilimwambia yule mama jambo baya kuliko yote niliyo nayo. Wewe ulikuwepo, ulisikia. Na yeye akaniambia sikulifanya."

Nikamsogezea kikombe cha maji.

"Kama hata mtu wa kazi hiyo hataki kulisikia, nitampelekea nani?"

Alhamisi haendi. Amesema hivyo bila hasira. Afadhali angekasirika.

Jumanne, 25 Novemba

Si mimi pekee niliyeona kitu nikanyamaza katika hii nyumba. Hiyo ndiyo siwezi kuimeza. Yeye alikuwa na lori linamngoja. Mimi nilikuwa na nini?

Jumatano, 26 Novemba

Nilipiga namba ya kliniki mara tatu. Mara ya kwanza nikakata ikiita. Mara ya pili mtu akasema haloo, nikakata. Mara ya tatu nikauliza kama kesho wamefungua. Mtu akasema, si kila Alhamisi huwa tumefungua, mama? Nikasema asante.

Nimemwambia Mama naenda kumchukulia Baba vidonge. Ni kweli pia.

Alhamisi, 27 Novemba

Nilienda peke yangu. Baa zote saba nilizipita na hakuna aliyenijali. Makanga wa benchi akauliza, "Mzee yuko wapi?" Nikamwambia amerudi nyuma. Sikujua kama nitasema, likatoka. Hakufanya mzaha. Akasogea nikae. Akasema yeye amerudi nyuma mara nne na kila mara benchi hili lilimngoja.

Kaunsela alinipa kiti nikabaki nimesimama. Nilikuwa nimepanga kuanza mbali, na salamu, na shule. Nikasema tu: "Kuna sentensi ya Baba niliiacha. Ile siku ya kamba. Nilisema nyingine."

Akaweka kalamu chini.

Nikaanza, nikasema, asubuhi hiyo Baba ali... Akainua mkono. Akasema: "Hapana. Usiniambie."

Sikuelewa. Nilikuwa nimeibeba wiki mbili nimletee.

Akasema ni ya Baba. Akiisikia kutoka kwangu itakuwa imesemwa mara ya pili bila yeye. Kisha akavua miwani, akaniambia kosa ni lake. Ati hakupaswa kuniweka pale hata Baba aliposema sawa, hata kama hakukuwa na mtu mwingine, hakuna mtoto anayefaa kuwa mdomo wa jambo kama hilo. Mtu mzima akiniomba msamaha huwa sijui nifanye nini. Nililia. Kamasi, kila kitu.

Nikamuuliza kuhusu faili. Akasema linafungiwa, haliendi kwa polisi wala kwa wazee wa ukoo. Alisema hayo bila mimi kutaja ukoo. Pengine hawa watu wameona mengi.

Kisha akakumbuka alivyomwambia Baba ati hukujua, hukuwa na njia ya kujua. Nilimwona akikumbuka. Akafunga macho kidogo.

Kuna nesi mstaafu kutoka upande wa Mwala, Mkamba, mtu mzima. Atamwomba aje wiki ijayo. Lakini Baba atakuja tu akijua kwamba neno lake halikufika. Kaunsela alijitolea kumpigia simu amwambie. Nikakataa. Nikasema mimi. Sijui nilitoa wapi huo ujasiri na sasa niko kitandani nautafuta.

Ijumaa, 28 Novemba

Nimemwambia.

Alikuwa anapalilia mahindi, mikono bado ina mtetemo kidogo. Nilichukua jembe la Mama nikaingia mstari wa kando yake. Tukapalilia mpaka karibu na mwisho wa shamba. Nilikuwa naangalia jembe.

Nilimwambia kwa Kikamba. Hapo hakuna pa kujificha. Nikasema, ile habari ya ufa sikuitafsiri. Niliiruka. Kaunsela hakuisikia kamwe. Alipokuambia hukujua, ni kwa sababu yangu.

Hakuacha kulima. Jembe, jembe, jembe. Nilidhani hakusikia, nikafikiria Mungu wangu nitarudia.

Kisha akasimama. Akaegemea mpini. Akauliza kama Kaunsela sasa anajua. Nikasema hapana, nilitaka kumwambia akanizuia.

Akakwangua udongo kwenye jembe kwa kidole.

"Kwa hivyo bado sijasema," akasema.

Sikuweza kusoma uso wake. Alikuwa kama mtu aliyefika juu ya mlima akaambiwa mlima ni ule mwingine. Nilingoja anipige, hajawahi kunipiga. Nilingoja aende nyuma ya kinu. Akainama akang'oa gugu lililokuwa karibu na mguu wangu, ambalo nilikuwa nimeliacha.

"Ulinionea aibu," akasema baadaye.

Nikasema ndiyo. Hiyo ndiyo yangu haikuwa ya kuachiliwa.

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama tumekubaliana bei. Tukamaliza mistari.

Jumanne, 2 Desemba

Hajasema kama ataenda. Mama ameuliza mara mbili. Mimi sithubutu.

Hajanywa. Siku ya kumi, kama tunahesabu upya. Mama amekataa kuhesabu upya. Anasema zile hamsini Baba alizipata kwa jasho lake na hakuna wa kumnyang'anya.

Alhamisi, 4 Desemba

Alinyoa ndevu asubuhi. Ndipo nikajua tunaenda.

Nesi mstaafu ni mama mnene mwenye sweta ya kijani na anamsalimia kila mtu kama shangazi. Alimshika Baba mkono wake mmoja kwa mikono yake miwili, wakaongea kidogo habari za mvua na za ndengu. Kisha Kaunsela akatoka. Nilimsikia akimwambia Baba, kwa Kiswahili, pale pale mlangoni: "Mzee, nilikupa jibu kabla sijasikia. Nisamehe." Wakaingia. Mlango ukafungwa.

Mimi benchi.

Saa nzima. Na nusu. Makanga naye ilikuwa siku yake ya kliniki, akatoka, akaenda, akarudi na karanga, tukala. Hakuniuliza kitu. Mara moja nilisikia sauti ya Baba ikipanda, kisha hakuna. Nilishika ubao wa benchi mpaka vidole vikauma.

Alipotoka macho yalikuwa mekundu na shati limelowa mgongoni. Alisimama mbele yangu kama ndiyo ananiona mara ya kwanza leo. Akasema, "Twende, mwaitu." Basi.

Sijui Kaunsela alimjibu nini. Nilitaka sana kujua. Nilikaribia kuuliza, halafu nikaacha, na safari hii kunyamaza kulikuwa sawa, nadhani. Sina uhakika. Nimechoka kutokuwa na uhakika.

Kwenye gari alilala. Kichwa kikaniangukia begani. Ni kizito.

Jumamosi, 6 Desemba

Usiku alipiga kelele mara moja. Mama anasema huwa mara nne, tano. Kaunsela alionya kwamba inaweza kuzidi kabla ya kupungua, na kwamba bado kuna Alhamisi nyingi. Sitarajii muujiza. Najua hata kesho anaweza kwenda nyuma ya kinu. Naiandika ili siku ikifika nisijifanye sikujua.

Nimekutana na Kavata sokoni. Ananunua nyanya. Nilimsalimia mimi kwanza. Ameshangaa. Siwezi kumwambia chochote, si yangu, lakini kumtazama machoni niliweza, kama nusu dakika.

Jumapili, 14 Desemba

Joto. Mahindi yamefika kiunoni.

Mchana baada ya kula Mama alisimama kuondoa vyombo. Baba akamwambia, "Mama Mumbua, acha hivyo kidogo. Kaa." Mama akanitazama mimi. Baba akasogeza kiti chake karibu na cha Mama, akaweka mikono juu ya magoti.

Akaanza, "Ile asubuhi ya mto."

Nikachukua mtungi. Mitungi yote ilikuwa imejaa, nilimwaga mmoja kwenye sukuma wiki nikipita. Nilienda mpaka kwa bomba nikakuta hakuna foleni, nikajaza, nikakaa juu ya ukuta. Kulikuwa na mbuzi wa mtu. Nilikaa mpaka kivuli cha tangi kikafika miguuni mwangu, ndipo nikajitwika.

Nilipofika Mama alikuwa anawasha moto. Macho yamevimba. Baba alikuwa kando yake anachambua ndengu kwenye ungo, polepole, anatupa vijiwe kimoja kimoja nje. Mama alisogea kwenye benchi akaniachia nafasi, nikakaa.